Miezi 13 ya Nat King Cole Kwenye Televisheni

Wazee wetu shikamooni, na ninyi wengine habari za jioni. Kabla sijaanza, naomba tusikilize kitu kwa dakika mbili. Picha nimeizima kwa makusudi. Sikilizeni sauti tu.

[Sauti inachezwa.]

Sasa nina swali, na mnijibu moyoni. Sauti hiyo ikikuambia ununue sabuni fulani, utanunua? Mimi ningenunua hata kama ninayo mche mzima nyumbani. Hapigi kelele. Anaimba kama mtu aliyevuta kiti akaketi karibu nawe. Na sikilizeni anavyotamka: kila neno linafika zima, hadi herufi ya mwisho, halafu anachelewa kidogo kuingia, mdundo unatangulia, yeye anafuata bila haraka. Ukishamzoea huyu, waimbaji wengine wa zama zake utawaona kama wanakimbizwa.

Huyo ni Nat King Cole, mwimbaji mweusi wa Marekani. Jioni hii nazungumzia kipindi chake cha televisheni, kilichoanza Jumatatu tarehe 5 Novemba 1956 katika shirika la utangazaji la NBC huko Marekani, kikaisha Jumanne tarehe 17 Desemba 1957. Kilikuwa kipindi cha burudani mseto. Mwenyeji anaimba, anapokea mgeni, mgeni anaimba, wanaimba pamoja, watu wanaagana. Marekani ya miaka hiyo ilijaa vipindi vya namna hiyo, na vingine vilidumu miaka na miaka. Hiki kilidumu miezi 13.

Swali linalonileta hapa ni moja: nani alikiua? Kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliamini jibu jepesi, kwamba watazamaji weupe walimkataa. Nimekuja kuwaeleza kwa nini siamini hivyo tena.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1919 mjini Montgomery, jimbo la Alabama, akaitwa Nathaniel Adams Coles. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na mama yake, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani, ndiye aliyemfundisha muziki. Familia ilihamia Chicago angali mtoto mdogo. Watu wengi husahau kwamba huyu alianza kama mpiga piano, na wapo wajuzi wa jazi watakaowaambia kwamba uimbaji wake uliwanyima mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliunda kundi la watu watatu mjini Los Angeles: piano, gitaa na besi. Hapakuwa na ngoma. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la kuthubutu, maana mdundo wote ilibidi ubebwe na vidole vyao. Wapiga piano wengi wakaiga mpangilio huo, akiwemo Oscar Peterson wa Kanada. Naomba jina hilo mlishike, nitalirudia.

Mwaka 1946 kundi hilo lilipata kipindi chake kwenye redio, na lilikipata kwa shirika hilohilo la NBC. Kilikuwa na mdhamini, kampuni ya mafuta ya nywele, na kikadumu hadi mwaka 1948. Hapo mniruhusu nisimame kidogo. Mtu yuleyule, sauti ileile, shirika lilelile. Kwenye redio mdhamini alipatikana. Miaka kumi baadaye, Cole akiwa maarufu mara nyingi zaidi, amekwenda kwenye chombo kinachoonyesha uso, mdhamini wa kudumu wa nchi nzima hakupatikana. Ndiyo maana nilizima picha.

Mtu asidhani Cole hakujua anaingia wapi. Mwaka 1948 alinunua nyumba Hancock Park, mtaa wa matajiri weupe mjini Los Angeles. Majirani wakakutana, wakamfikishia ujumbe kwamba hawataki watu wasiofaa wahamie pale. Akawajibu kwamba hata yeye hapendi watu wa namna hiyo, na akimwona mtu asiyefaa anaingia atakuwa wa kwanza kulalamika. Akahamia, akakaa.

Kisha likaja la Birmingham. Tarehe 10 Aprili 1956 alikuwa jukwaani katika mji huo wa Alabama, jimbo alilozaliwa, akiimba mbele ya ukumbi wa weupe watupu. Wanaume wakapanda jukwaani, wakamvamia, wakamwangusha. Aliumia mgongo. Baadaye alitoka tena mbele ya watu, wakamshangilia kwa muda mrefu, akaeleza kwamba hawezi kuendelea. Halafu usiku uleule akaenda kutumbuiza onyesho la pili, la watu weusi, kwa sababu walikuwa wamelipa na wanamsubiri.

Nisifiche upande wa pili wa habari hiyo. Weusi wengi walimlaumu, na magazeti yao yaliandika maneno makali: kwa nini unakubali kuimba kwenye kumbi zilizotenganisha watu kwa rangi? Lawama ilimuuma. Akajiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kama mwanachama wa maisha. Nadhani kumwelewa Cole wa kipindi kile cha televisheni lazima umwone hivyo: mtu mpole, asiyependa mikutano ya hadhara, aliyepigwa na wabaguzi na kulaumiwa na ndugu zake ndani ya mwezi mmoja, na miezi saba baadaye anasimama mbele ya kamera akitabasamu. Tabasamu lile halikuwa la mtu asiyejua kinachoendelea.

Wiki ile kipindi kinaanza, weusi wa Montgomery, mji aliozaliwa, walikuwa bado wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Walikuwa wamesusia mabasi yaliyotenganisha watu kwa rangi tangu Desemba 1955. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana nao tarehe 13 Novemba 1956, siku nane baada ya Cole kuonekana kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Marekani ilikuwa inamtazama mtoto wa Montgomery akiimba huku ikisoma habari za Montgomery gazetini.

Sasa nieleze pesa, maana hapo ndipo penye kesi yetu. Leo tumezoea tangazo la sekunde 30 baada ya tangazo jingine, kampuni kumi ndani ya kipindi kimoja. Marekani ya miaka ya 1950 haikuwa hivyo. Kwa kawaida kampuni moja ilikibeba kipindi kizima, na jina lake likawekwa mbele. Dinah Shore, mwimbaji mweupe, alikuwa NBC hiyohiyo, na kipindi chake kiliitwa kwa jina la Chevrolet, kampuni ya magari. Kilianza Oktoba 1956, mwezi mmoja kabla ya kile cha Cole, kikaenda hadi mwaka 1963. Waliokuwa wakizunguka kati ya kampuni na shirika la utangazaji walikuwa mawakala wa matangazo, ambao ofisi zao kubwa zilikuwa mtaa wa Madison Avenue mjini New York. Hao ndio walioshauri nani awekewe pesa na nani asiwekewe.

Kipindi kisicho na mdhamini kiliweza kurushwa, ila gharama zote zilibaki mikononi mwa shirika: okestra, studio, mafundi, wageni. Ni kama kuendesha daladala bila abiria. Unaweza, lakini mafuta yatakwisha. NBC ilikubali kuanza hivyo, ikitumaini kwamba mdhamini atajitokeza watu wakishaona kazi.

Na kazi ilikuwa nzuri, kwa kweli nzuri sana. Kilianza kikiwa cha dakika 15 tu, Jumatatu saa 1:30 usiku. Dakika 15! Ukisalimia na kuaga, umebakiwa na nyimbo chache. Julai 1957 kikaongezwa kuwa nusu saa na kuhamishiwa Jumanne saa 4:00 usiku, saa ileile ambayo shirika shindani la CBS lilikuwa likirusha mashindano ya maswali yenye zawadi ya dola 64,000. Hakikuyumba. Septemba kikarudishwa saa 1:30. Muziki uliongozwa na Nelson Riddle, mpangaji aliyekuwa akitengeneza rekodi bora za Cole na za Frank Sinatra, kwa hiyo kile mnachokisikia nyuma ya sauti ni watu walioko kileleni mwa kazi yao.

Bado mdhamini wa kudumu hakuja. Kampuni moja ya nchi nzima iliingia kwa muda mfupi ikatoka. Ndipo NBC ikajaribu njia nyingine, kuuza kipindi mji kwa mji: kiwanda cha bia New York, kiwanda kingine cha bia New Orleans, mvinyo Los Angeles. Nawaomba muutazame mpango huo vizuri. New Orleans ni Kusini kabisa, ndani ya nchi ya ubaguzi wa kisheria, na huko kiwanda cha bia kilikubali kuweka jina lake karibu na uso wa Nat Cole. Mtu wa kiwanda anajua wateja wake, anajua nani anakunywa. Aliyekataa ni yule aliyekaa ofisini New York akiwasemea watu wa Kusini ambao hakuwauliza.

Hilo nalielewa kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya kutafuta wadhamini wa vipindi vya redio. Niliwahi kupeleka kipindi cha dada mmoja mwenye kipaji ambacho sijakiona tena. Bwana aliyetupokea alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi binafsi nimempenda sana. Tatizo ni wateja wetu." Nikamuuliza ni wateja gani waliolalamika. Hakuna. Hakuwa na barua, hakuwa na simu, hakuwa na hata jina moja. Alikuwa na mteja wa kufikirika, mwenye chuki ambayo yeye mwenyewe hakutaka kuikiri, na huyo mteja asiyekuwepo ndiye aliyefanya uamuzi. Kipindi hakikuruka. Nilipoanza kusoma habari za Cole, nilimkuta bwana yule kila mahali.

Cole mwenyewe aliyaeleza haya wazi. Kipindi kilipokwisha aliandika katika Ebony, jarida la Wamarekani weusi, toleo la Februari 1958, kwamba kwa miezi 13 alikuwa Jackie Robinson wa televisheni. Robinson ndiye aliyevunja ukuta wa rangi katika besiboli ya ligi kuu mwaka 1947, akiwa na timu ya Brooklyn Dodgers. Katika makala hiyo Cole alisimulia kwamba mtu wa kampuni moja ya vipodozi alidai mtu mweusi hawezi kuwauzia rangi ya mdomo. Cole akauliza: wanafikiri sisi tunapaka nini, chaki? Akauliza tena: mtu akimwona mweusi kwenye kipindi kilichodhaminiwa na kampuni ya simu, atafanya nini, atawapigia waje kung'oa simu yake? Nalipenda swali hilo kwa sababu linafuata hofu yao hadi mwisho wake, na huko mwisho hakuna kitu.

Na alisema ile sentensi inayokumbukwa zaidi, kwamba Madison Avenue inaogopa giza. Kwa Kiingereza neno hilo hubeba mambo mawili, giza la usiku na weusi wa ngozi. Kwa Kiswahili linatufikia vizuri vilevile: watu wazima, wenye suti, wanaogopa giza kama watoto.

Lawama hiyo hakuielekeza kwa NBC. Alisema shirika lilimuunga mkono, na mimi namwamini, maana kwa hesabu za biashara lingeweza kumtoa mapema zaidi. Watazamaji nao hakuwalaumu. Walikuwa wakimtazama.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bila mdhamini, mgeni mkubwa utamlipa nini? Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Mel Tormé, Sammy Davis Jr. na wengine walikuja wakapokea kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na chama cha wasanii, malipo ambayo kwa hadhi yao ni kama nauli. Weusi kwa weupe. Kwetu tungesema ni mchango, kama watu wanavyochangishana jamaa akipatwa na jambo, na kila mmoja akaleta alichonacho. Angalieni orodha hiyo: pengine hakuna kipindi tajiri cha wakati ule kilichopata muziki wa kiwango hicho mfululizo. Kilichokuwa maskini kilikuwa na wageni wa kifalme.

Oktoba 1957 walikuja wanajazi wa Norman Granz, mwandaaji wa matamasha ya jazi. Coleman Hawkins na saksafoni yake, Roy Eldridge na tarumbeta, Stan Getz, Jo Jones kwenye ngoma, na Oscar Peterson, yule niliyewaomba mshike jina lake, akiwa na gitaa la Herb Ellis na besi ya Ray Brown. Piano, gitaa, besi. Mpangilio wa Cole, umemrudia mlangoni ukiwa umekua na kunenepa mikononi mwa mwanafunzi ambaye hakuwahi kukaa darasani kwake. Na fikirini majira yenyewe. Tarehe 24 Septemba, siku ya Jumanne, siku ya kipindi, Rais Eisenhower alipeleka askari Little Rock, Arkansas, ili watoto tisa weusi waingie shule iliyokuwa ya weupe peke yao. Siku 21 baada ya hapo weusi na weupe wanapiga muziki kwenye studio moja, mwenyeji akiwa mweusi, na picha inaingia sebuleni kwa watu.

Mwishoni mwa mwaka NBC ilipendekeza kukihamishia Jumamosi saa 1:00 usiku, saa ambayo ilikuwa mbaya kwa kipindi cha aina yake. Cole akakataa. Wapo wanaosema angekubali, angalau kiendelee kuwepo. Mimi nasimama na yeye. Alikuwa akikataa kazi zenye pesa nyingi ili abaki karibu na studio, marafiki zake wanafanya kazi karibu bure, halafu unamwambia ahamie pembeni zaidi, kimya kimya, mpaka asahaulike? Aliona afadhali aage. Tarehe 17 Desemba akaimba mara ya mwisho, na kipindi kikafungwa.

Nisahihishe jambo moja, kwa sababu linarudiwa vibaya kila mwaka. Cole hakuwa mweusi wa kwanza Marekani kuwa na kipindi chake kwenye shirika la televisheni la kitaifa. Alitanguliwa na mwanamke, Hazel Scott, mpiga piano na mwimbaji mzaliwa wa Trinidad aliyekulia Harlem, mtaa wa weusi mjini New York. Kipindi chake katika shirika la DuMont kilianza Julai 1950. Jina lake likaingizwa kwenye kijitabu cha kuwataja wasanii waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Hakukaa kimya, aliomba mwenyewe kwenda kujieleza mbele ya kamati ya Bunge tarehe 22 Septemba, na wiki moja baadaye kipindi chake kikafutwa. Yeye hata miezi 13 hakuipata. Ukimsifu Cole bila kumtaja Hazel Scott, unamzika dada yule mara ya pili.

Baada ya Cole hofu haikuondoka, ilibadilisha nguo. Desemba 1959 Belafonte alipata onyesho lake CBS, na mdhamini, ajabu, alikuwa Revlon, kampuni ya vipodozi. Onyesho likampa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni. Belafonte alisimulia kwamba maonyesho mengine yalipofuata, alitakiwa kuwatoa weupe na kubaki na wasanii weusi peke yao, akakataa, mkataba ukaishia hapo. Mwaka 1968 mwimbaji Mwingereza Petula Clark, katika onyesho lake NBC, alimshika Belafonte mkono wakiimba. Mtu wa mdhamini, kampuni ya magari, akataka kipande hicho kirekodiwe upya. Clark na mumewe wakakataa, kikarushwa na mkono ukiwa pale pale. Mwaka 1968, ndugu zangu. Miaka 11 baada ya Cole kuondoka, bado kuna mtu analipwa mshahara kuogopa mkono.

Belafonte huyohuyo, kwa wasiojua, ndiye aliyeimba wimbo wetu wa Malaika pamoja na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Bibi yangu alikuwa nayo. Mtu aliyekwenda kumsaidia Nat Cole kwa malipo ya nauli, sauti yake ilikuwa sebuleni kwetu ikiimba Kiswahili, na hakuna aliyetuambia habari hizo nyingine.

Cole alifariki tarehe 15 Februari 1965 kwa saratani ya mapafu. Alikuwa na miaka 45 tu. Vipindi vyake vimetufikia kwa njia ya ajabu kidogo: zamani, kuhifadhi matangazo ya moja kwa moja, kamera ya filamu ilielekezwa kwenye kioo cha televisheni ikarekodi kilichokuwa kikionekana. Ndiyo maana mtaona picha ina ukungu na kingo zake zimepinda. Sauti ni ile mliyoisikia mwanzoni. Aliyeko karibu na swichi, dada yangu, tuzimie taa za mbele. Nawasha picha.